Nirudishieni Ukosefu Wangu wa Kazi

Casiano Laruta Poma,
Nyumba ya tatu baada ya uwanja wa mpira,
Mtaa wa Villa Retamales,
El Alto.

Jumapili, tarehe 4 Mei.

Kwa Mkurugenzi,
Mpango wa Mikono Kazini,
El Alto.

Mheshimiwa Bi. Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUPATIWA KAZI

Kwa heshima zote na kwa moyo mzito, natangaza kwamba siku ya Jumatatu iliyopita, saa moja kasoro dakika tatu asubuhi, mimi Casiano Laruta, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu na akili timamu, nilifika kazini kabla ya wakati. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Nilisimama nje kwenye baridi dakika tatu nzima, na mashahidi wanasema nilikuwa natabasamu. Hakuna aliyejeruhiwa. Nimeona ni wajibu wangu kukujulisha, kwa sababu jambo la namna hii halijapata kutokea katika ukoo wetu, na chanzo chake ni ofisi yako.

Huenda hunikumbuki. Mimi ndiye wa jalada namba 218, lile ambalo fomu yake inanukia ubani. Habari ya ubani nitaieleza mahali pake. Kwa sasa itoshe kusema kwamba nilibeba makreti miaka kumi na minne katika kiwanda cha chupa, mpaka kiwanda kikafungwa. Baada ya hapo nilikaa miaka minne bila kazi, na bila kujisifu, nilikaa vizuri. Ndipo Mpango wako ulipopanda mtaani kwetu na kipaza sauti, ukitangaza kwamba mkazi asiye na kazi atapelekwa kwa mwajiri kwa miezi mitatu, ajifunze huku analipwa, mshahara utoke kwenu, na miezi ikiisha mwajiri akipendezwa naye amchukue moja kwa moja.

Nikajiandikisha. Nikapelekwa kwa Fundi Abdón Sirpa, mdarizi wa mavazi ya wacheza ngoma wa sikukuu kubwa. Nilipelekwa pamoja na jirani yangu Mama Primitiva Cutile, mjane aliyekuwa akifulia watu nguo kwa maji ambayo hapa kwetu mwezi wa saba huwa barafu. Hapo ndipo madhara yangu yalipoanza. Nayapanga kwa namba, kama fomu zenu zinavyopenda.

1. Usingizi. Kabla ya Mpango nilikuwa naamka jua linaponigusa, na jua la huku halina haraka. Sasa naamka saa kumi na moja na nusu, hata Jumapili. Leo nimejikuta nimesimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni. Mke wangu Nieves akaniambia kutoka ndani ya blanketi, "Baba Yesenia, hata Mungu leo amelala. Rudi." Nilirudi, lakini nikalala macho, nikihesabu mishono kwenye dari. Dari letu ni la mabati, Mheshimiwa. Halina mishono.

2. Benchi. Kando ya uwanja wetu wa mpira kuna benchi la saruji ambalo jua hulifikia kabla ya kufika mahali pengine popote. Kwa miaka minne nilikuwa mwenyekiti wa benchi hilo. Sikuchaguliwa, niliwahi tu. Makamu wangu alikuwa Hilarión Tarqui, fundi bomba asiye na mabomba. Tulikuwa na kazi nyingi: kutazama lori linalogeuza, kutoa maoni, kushika nafasi za watu kwenye foleni ya gesi. Jeneza likihitaji bega la sita, walijua pa kuja.

Mwezi wa pili wa kazi nilipita hapo wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na nyuzi za dhahabu kwenye sweta. Wote wakasimama. Hilarión akapangusa benchi kwa kofia yake, akasema, "Karibu bosi, usije ukachafua suruali." Nikacheka, wakacheka, kisha wakarudi kwenye habari za lori la asubuhi, na mimi sikuwapo. Nafasi yangu sasa ameikalia bwana mmoja aliyeachishwa kazi ya kuchoma matofali, mtu asiye na maoni kabisa kuhusu malori. Mpango wako unazungumzia kuwaingiza watu mahali. Hauna hata ukurasa mmoja kuhusu mahali wanapotoka.

3. Vidole. Vidole vyangu, Mheshimiwa, vililelewa na makreti. Kila kimoja ni kama ndizi iliyokasirika. Ofisi yako, katika hekima yake, ilivipeleka vikashone vimetameta vidogo kuliko mbegu ya pilipili. Vazi la mcheza ngoma wa kwetu lina tabaka kama keki ya harusi, na mgongoni hukaa joka. Ilinichukua wiki tatu kumaliza jicho moja la joka. Fundi Sirpa akalitazama kwa miwani, akalitazama bila miwani, kisha akaniuliza kwa upole kama joka huyu anatafuta choo. Karakana nzima ilisimamisha sindano.

Tangu siku hiyo Mama Primitiva, ambaye vidole vyake vinakwenda kama vya mtu anayechambua mchele, alikuwa anafumua kazi yangu wakati wa chakula na kuishona upya kabla Fundi hajarudi. Nilimwambia asifanye hivyo. Alisema hafanyi lolote, anakula tu, na kweli alikuwa na kiazi mdomoni.

Nalalamika pia kwamba maradhi haya yananifuata nje. Siwezi tena kutazama nguo kwa amani. Jumapili ya Matawi niliona uzi unaning'inia kwenye joho la padri, nikaufuata kwa macho misa nzima, na wakati wa kupeana amani nikajikuta nimeukata kwa meno. Padri ameniuliza kama nyumbani tuna shida.

4. Keki. Huku kwetu sherehe haiandaliwi na mwenye sherehe peke yake. Ina wababa. Kuna baba wa muziki, baba wa viti, baba wa picha, baba wa bia, na mwenye kuombwa hulipia kile alichokuwa baba yake, kisha hutajwa jina kwenye kipaza sauti. Asiye na kazi haombwi. Si kwa ubaya. Watu wanakuonea huruma, wanakuvuka kama wanavyovuka dimbwi. Kwa miaka minne sikuwa baba wa hata kijiko. Nilikula kila sherehe kwa moyo mweupe na nilikuwa wa kwanza kucheza.

Wiki ya tatu ya kazi, mlango wangu uligongwa. Walikuwa Wilma na mumewe kutoka nyumba ya pili, wamevaa nguo za kanisani siku ya Jumanne, wamebeba mikate ya moto kwenye kitambaa. Nikajua wamekuja kumwomba mtu jambo, nikageuka kumtafuta huyo mtu. Wilma akasema, "Don Casiano, mtoto wetu atabatizwa tarehe 24 Mei. Tumekuja kwa heshima kukuomba uwe baba wa keki." Ghorofa tatu, akaongeza mumewe kwa sauti ndogo, na bata juu.

Nilikubali kabla hajafika kwenye bata. Hili ni shambulio, Mheshimiwa. Mtu aliyekuwa huru sasa ana ghorofa tatu kichwani. Tangu hapo nimeombwa kuwa baba wa puto, baba wa soksi za timu ya vijana, na baba wa zulia la wazee wa mtaa. Wote nimewakubalia nikiwa nimesimama wima, mkono mmoja kifuani, kama mbunge.

5. Kistari. Binti yangu Yesenia anasoma uuguzi. Chuo chake kina fomu ya kila muhula, na fomu ina mahali palipoandikwa: Kazi ya baba. Kwa miaka minne aliweka kistari. Kilikuwa kistari kifupi, safi, kisicho na kosa lolote. Mwezi wa Machi nilikuta fomu mpya mezani. Ameandika MDARIZI, kwa herufi kubwa, na kalamu imepita juu yake mara mbili. Nauliza: ni nani atakayeifuta kalamu hiyo? Kistari kinaweza kugeuzwa kuwa neno wakati wowote. Neno kurudi kuwa kistari, lazima mtu alikate, na alama itabaki.

6. Muhuri. Sasa nafika kwenye sheria, na hapa naomba uketi.

Wewe pia ni wa huku, kwa hiyo unajua kwamba tarehe 24 Januari, saa sita kamili ya mchana, kila mtu hununua kwa udogo kile anachokitaka kwa ukubwa. Anayetaka nyumba hununua nyumba ya ukubwa wa kiberiti. Anayetaka safari hununua pasipoti ya ukubwa wa kucha. Kisha mganga hukifukiza ubani, hukinyunyizia divai na maua, na mwaka unabaki na wajibu wa kuleta kile kikubwa. Mwaka huu Nieves aliniambia tumeshanunua magari ya kutosha. Akaninunulia mkataba wa kazi. Ni mrefu kama kidole changu cha kati, na umepigwa chapa vizuri: Cheo, Meneja Mkuu. Muda, wa kudumu.

Siku hiyo hiyo, nusu saa kabla ya saa sita, ndipo ofisi yako ilipoamua kuandikisha watu wa mtaa wetu. Basi tukagawana. Nieves aende kwa mganga na bahasha ya vitu vidogo, mimi nije kwenu na bahasha ya fomu. Bahasha zote mbili ni za kaki. Mheshimiwa ameshaelewa.

Saa sita kamili, kengele zinalia mji mzima, nilikuwa mbele ya dawati namba nne, la Bi. Ximena Loayza. Alifungua bahasha yangu. Akatoa nyumba. Akatoa gunia la sukari la ukubwa wa kidole gumba, akaliweka wima. Akatoa mkataba, akaushika kwa ncha za kucha, akausoma wote. Nyuma yangu kulikuwa na watu arobaini, wote wamenyoosha shingo. Kisha akachukua muhuri wa ofisi, akaupumulia, akaupiga. Muhuri ni mkubwa kuliko mkataba; nusu ya nembo ya Mpango ilibaki kwenye meza, na nadhani ipo mpaka leo.

Dakika kumi baadaye Nieves aliingia mbio, anahema, na fomu yenu halisi mkononi. Ilikuwa tayari imefukizwa. Ilikuwa na divai kwenye tarehe ya kuzaliwa na ua la njano limeganda kwenye namba ya kitambulisho. Bi. Ximena aliipokea hivyo hivyo. Ndiyo maana ya harufu.

Kwa hiyo, kisheria, hali ni hii. Kuna mikataba miwili. Mmoja ni wa miezi mitatu, umebarikiwa na mganga lakini ni wa mafunzo tu. Wa pili ni wa kudumu, una muhuri wa serikali, ulipigwa saa sita kamili mbele ya mashahidi arobaini, na unanifanya Meneja Mkuu. Haukusema wa nini, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuuliza maswali siku ya kwanza. Hakuna kifungu popote katika kanuni zenu kinachosema mkataba lazima uwe wa ukubwa gani. Nimezisoma zote, pamoja na zile za nyuma ya mlango wa choo.

Kutokana na hayo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya mambo mawili.

Ama Mpango usimamishe mara moja mafunzo yangu na unirudishe katika ukosefu wa kazi nilimokutwa, katika hali ile ile: benchi litolewe kwa barua rasmi, yule bwana wa matofali ahamishiwe benchi la pili ambalo lina kivuli, usingizi urejeshwe, Wilma atafutiwe baba mwingine wa keki, na vidole vyangu virudishwe vikiwa vinene na visivyojua kitu.

Ama, ikiwa hilo haliwezekani, nikabidhiwe umeneja. Katika hali hiyo nitahitaji meza. Isiwe kubwa, mkataba wenyewe si mkubwa.

Naamini utalitazama jambo hili kwa jicho la haki, jicho lililonyooka kuliko la joka langu. Nisalimie Bi. Ximena wa dawati namba nne, na mlinzi wenu aliyenipa kiti chake Januari akidhani naumwa, na yule mama anayeuza uji wa mahindi ya zambarau mlangoni kwenu, ambaye pastei zake, maandazi ya jibini, ndizo sababu nyingine ya watu kuandikishwa. Nisalimie dereva wa gari la kipaza sauti, na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Nieves na Yesenia wanakusalimu. Hawajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi niliyedhulumiwa kwa ajira,

Casiano Laruta Poma
(sahihi)

Viambatanisho: mkataba mmoja, ndani ya kisanduku cha kiberiti. Tafadhali usipige chafya.

Nyongeza:

Mheshimiwa, nimeisoma barua hii mara mbili na ina kosa moja, nalo linaanzia kwenye namba moja na kuishia kwenye namba sita.

Hakuna mafunzo ya kusimamisha. Yalikwisha juzi Ijumaa, na najua jalada langu hapo mezani kwako linasema hivyo. Jioni ile Fundi Sirpa alituita, mimi na Mama Primitiva, akatuambia kwamba baada ya pesa za Mpango kwisha anao uwezo wa kubaki na mtu mmoja. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ili asitutazame. Akasema, "Casiano, wewe ni mtu mzuri. Primitiva ni mdarizi." Sikubisha. Nimeona kazi ya mikono yake. Nyingi ilikuwa na jina langu. Yeye ndiye aliyelia. Aliniambia tugawane, mimi asubuhi na yeye jioni, na Fundi akajifanya anatafuta mkasi. Nikamwambia aache upuuzi, joka litatoka na macho ya watu wawili. Kisha nikawashukuru wote, nikakunja aproni yangu vizuri, nikaikunjua, nikaikunja tena, nikatoka.

Nilianza kukuandikia usiku ule ule, kwa sababu nilitaka nionekane ni mimi niliyeiacha kazi. Mwanamume wa miaka hamsini na tatu ana mambo kama hayo.

Wilma alipokuja na mikate, baada ya wao kuondoka niliingia uani nikafungua bomba ili Nieves asinisikie nikilia. Na asubuhi zile saa kumi na moja na nusu sikuwa naamka kwa ubaya. Nilikuwa nataka kuona kama joka bado lipo.

Jana, Jumamosi, niliamka kama kawaida, nikavaa, nikaaga, nikatoka.  Nieves aliniwekea mikate miwili kwenye mfuko badala ya mmoja, kama mtu anayejua siku itakuwa ndefu. Sikwenda kwenye benchi, kwa sababu wangesimama. Nilikuja nikakaa kwenye ngazi za ofisi yenu, ambayo Jumamosi haifunguliwi, na mwenye uji akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri jua. Leo, nikishafunga bahasha hii, nitamwambia mke wangu. Nadhani atasema anajua. Kwa Yesenia nimeweka muda mpaka fomu ya muhula ujao.

Kuhusu muhuri, sikusema yote. Bi. Ximena hakukosea. Alipomaliza kusoma ule mkataba aliinua macho akaniuliza, kwa sauti ya chini ili foleni isisikie, "Mzee, niupige wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole neno kudumu. Kidole kililifunika neno lote, ikabidi nikiondoe.

Basi naomba ufute malalamiko yote, pamoja na meza. Kama kuna mwajiri mwingine popote, wa vifungo, wa matofali, wa makreti, hata wa kitu ambacho vidole hivi vitakiharibu wiki tatu za kwanza, niandike. Tarehe 24 kuna keki ya ghorofa tatu na bata juu, na jina langu limeshapewa mwenye kipaza sauti.

Barua hii naileta mwenyewe. Nitakuwa mlangoni kwenu kesho Jumatatu, saa moja kasoro dakika tatu. Najua mnafungua saa mbili na nusu.

C. L. P.